Kukomaa si Kuiva: Uchambuzi wa Barua Moja ya Wakulima wa Parachichi wa Rungwe

Kisa hiki kinahusu sentensi moja ya barua. Kikundi cha wakulima wa parachichi katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, kilikuwa kikiandikiana na mnunuzi wa Ulaya kuhusu msimu wa mavuno. Katibu wa kikundi, mama mwenye mwandiko safi na Kiswahili kilichonyooka, alikuwa ameandika hivi katika rasimu yake: "Matunda yetu yatakuwa yamekomaa kuanzia wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu, nasi tutayavuna yakiwa bado mabichi ili yafike salama." Hakuna mkulima wa Tukuyu, Kiwira wala Busokelo ambaye angeisoma sentensi hiyo akakwama. Kijana wa kikundi aliyepewa kazi ya kuifasiri, mhitimu wa chuo ambaye Kiingereza chake si cha kubahatisha, aliiandika hivi: "Our fruits will be ripe from the last week of March and we shall harvest them while unripe so that they arrive safely."

Mnunuzi alijibu kwa adabu na kwa ufupi. Aliomba afafanuliwe kama matunda hayo yatakuwa "ripe" au "unripe", kwa kuwa barua ilikuwa imesema yote mawili kwa pumzi moja, kisha akakumbusha kwamba chini ya mkataba uliopendekezwa hatapokea kwa hali yoyote tunda lililo "immature". Viongozi wa kikundi walilisoma jibu hilo kama kukataliwa. Walivyoelewa wao, mnunuzi alikuwa amesema hataki matunda mabichi, maana yake anataka yaliyoiva, na kila mtu anajua kwamba parachichi lililoiva haliwezi kuvumilia wiki kadhaa za safari ya bahari. Baadhi ya wanachama wakaanza kusema kwamba huyo anatafuta kisingizio cha kushusha bei. Mazungumzo yakasimama hapo, ilhali pande zote mbili zilikuwa zikitaka kitu kilekile hasa: tunda lililokomaa, gumu, ambalo halijaanza kuiva.

Barua hizo zililetwa kwangu kwa kuwa nimezoea kuwasaidia wakulima wa huku katika nyaraka zao za Kiingereza, na nimeona kisa chake kinastahili kuandikwa kwa ukamilifu kwa sababu tatizo lake halikuwa la sarufi. Sentensi ya kijana yule ilikuwa imesimama vizuri, na kila neno alilochagua lingeweza kutetewa kwa kamusi. Ukifungua kamusi nyingi za Kiswahili na Kiingereza, utakuta chini ya "komaa" na "pevuka" yamewekwa maneno "ripe" na "mature" yakifuatana kwa mkato tu, kana kwamba mtu anaweza kuokota lolote kati ya hayo mawili. Na "bichi" hupewa "unripe" bila shaka yoyote. Yeye alifanya kile ambacho kamusi ilimruhusu kufanya. Kosa lilikuwa limelala katika ule mkato ulio kati ya maneno mawili, na mkato haumwambii msomaji ni wakati gani neno moja linafaa na lingine halifai.

Kabla ya kutafuta neno la Kiingereza ilitubidi kukubaliana kwanza kuhusu kitu chenyewe, na hapa ndipo palipokuwa na kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tulikaa barazani kwa mwenyekiti: katibu, kijana mfasiri, wazee wawili wenye miti ya siku nyingi, na mimi. Nikawaomba wanieleze, bila kutaja neno lolote la Kiingereza, wanajuaje kwamba tunda fulani linafaa kuchumwa leo na lile la pembeni yake bado. Mzee mmoja hakujibu kwa maneno. Alimtuma mjukuu wake shambani alete maparachichi mawili ya aina ya Hass, moja kutoka tawi la chini na jingine kutoka mti uliochelewa kutoa maua, akayapasua yote mawili mbele yetu kwa kisu cha jikoni.

Kwa nje yalikuwa karibu sawa kwa ukubwa, ingawa moja lilikuwa limepoteza mng'ao na ngozi yake imefifia kidogo. Kwa ndani tofauti ilikuwa wazi. Katika lile la kwanza ganda jembamba linalofunika kokwa lilikuwa la kahawia, kavu kama karatasi, na kokwa ilitoka bila kung'ang'ania. Katika la pili ganda hilo lilikuwa jeupe, nene na lenye majimaji, limeshikamana na nyama ya tunda. "Hili limekomaa," mzee alisema akiligusa la kwanza, "na hili ni changa. Lakini yote mawili ni mabichi, mwalimu. Jaribu kulila hata hili lililokomaa, utalitema." Alilikandamiza kwa kidole gumba, nalo lilikuwa gumu kama jiwe.

Katika sentensi hizo chache mzee alikuwa ameshafanya nusu ya kazi yetu. Kiswahili kina ngazi ya maneno kwa maisha ya tunda: linakuwa changa, linakomaa au kupevuka, linaiva, hatimaye linaoza. Neno "bichi" halimo katika ngazi hiyo kama hatua mojawapo. Limetandazwa juu ya hatua mbili za kwanza kwa pamoja, kwa maana ya kitu ambacho hakijaiva, iwe kimekomaa au hakijakomaa. Ndiyo maana sentensi ya katibu haikuwa na mgongano wowote. Tunda linaweza kukomaa na kuwa bichi kwa wakati mmoja, kama ambavyo mkungu wa ndizi hukatwa ukiwa umekomaa lakini mbichi, kisha ukapelekwa jikoni vilevile au ukavundikwa hadi uive. Nyumba yoyote ya Rungwe, kwa jinsi ndizi zilivyo chakula cha kila siku huku, inaishi na tofauti hii bila hata kuifikiria.

Parachichi lenyewe linaitilia mkazo tofauti hiyo kuliko matunda mengi. Haliivi likiwa mtini. Likishakomaa linaweza kuning'inia kwenye tawi kwa wiki nyingi, hata miezi, likiendelea kuongeza mafuta ndani yake, na bado likabaki gumu. Kulainika huanza baada ya kuchumwa, tunda linapoanza kutoa gesi ya ethileni inayosukuma uivaji. Ukilichuma kabla halijakomaa halitaiva ipasavyo hata likikaa ghalani namna gani: ngozi itanyauka, nyama itakuwa kama mpira, na ladha itakuwa ya majimaji. Kwa hiyo mnunuzi ana hofu mbili zinazokwenda pande tofauti. Anaogopa tunda lililochumwa mapema mno, ambalo halitaiva kamwe, na anaogopa tunda lililoanza kuiva njiani, ambalo litafika limeoza. Neno tulilokuwa tukilitafuta lilipaswa kumwondolea hofu zote mbili.

Baada ya hapo tuliugeukia upande wa Kiingereza. Kiingereza cha kila siku kina mstari mmoja tu kwa habari ya matunda, nao umechorwa mahali pa kula: upande huu "ripe", upande ule "unripe". Mtu wa London anayenunua parachichi dukani hana haja ya mstari mwingine, kwa sababu hajawahi kuuona mti wake. Neno "ripe" asili yake huhusishwa na "reap", yaani kuvuna nafaka kwa mundu, na kwa ngano au shayiri jambo hilo halina tatizo, kwa kuwa nafaka hukomaa na kuiva palepale shambani, na siku ya kuiva ndiyo siku ya kuvuna. Kwa tunda linaloivia ghalani neno hilohilo linajipasua. Msomaji wa Kiingereza akiona "ripe avocado" haoni tunda la kuvunwa, anaona tunda laini la kukatwa asubuhi hiyo na kupakwa kwenye mkate.

Mstari wa pili upo katika Kiingereza, lakini umekaa zaidi kwa watu wa kilimo na biashara ya mazao. Huo ni mstari wa "mature" na "immature", nao umechorwa mahali pa kuchuma. Mnunuzi wetu alikuwa ameutumia katika jibu lake bila kueleza, akidhani kila mtu anaufahamu. Kikundi nacho kikausoma kana kwamba ni mstari uleule wa kula. Nikamwomba kijana achore mistari hiyo miwili kwenye daftari, mmoja wa kuchuma na mmoja wa kula, halafu aweke parachichi la mzee mahali pake. Alilichora katikati, baina ya mistari miwili. Alikaa akiitazama picha hiyo kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo ni 'mature' na 'unripe' kwa pamoja." Ilikuwa sahihi kabisa, na ingetosha kama tungekuwa tunaandika kitabu cha kiada.

Barua ya biashara inahitaji uangalifu zaidi kidogo. Swali ninaloliona la msingi kila ninapotafuta neno la Kiingereza kwa maana maalumu ni hili: nani atalisoma, na akilisoma mkono wake utafanya nini? Barua ile isingesomwa na mnunuzi peke yake. Ingeambatishwa kwenye mkataba, ingesomwa na mkaguzi wa kituo cha kufungashia, na endapo pangetokea mgogoro mzigo ukifika, ingesomwa na mtu ambaye hajawahi kuzungumza na kikundi hata siku moja. Kwa mtu huyo wa mwisho "unripe" linaonekana kama kasoro iliyokiriwa kwa maandishi. Ni kweli kwamba tunda halijaiva, na ndivyo anavyotaka mnunuzi. Lakini neno lenyewe linatanguliwa na kikanusho, linasema tunda limepungukiwa na kitu, na katika mgogoro wa malipo kikanusho kama hicho hutafutwa kwa tochi.

Kwa hiyo tulianza kupitia maneno mengine yanayozunguka "bichi". Nitayaeleza, kwa sababu kila moja lilikataliwa kwa sababu yake.

Katibu alikuwa na hamu na "fresh", nami naelewa kwa nini, maana ni neno zuri na linauza. Lakini linajibu swali lingine. Katika orodha ya kimataifa ya ushuru wa forodha parachichi lina namba yake, 0804.40, inayolihusu likiwa bichi au likiwa limekaushwa. "Fresh" hapo ni kinyume cha kukaushwa tu. Parachichi laini la kuliwa leo ni "fresh", na changa lisiloiva milele pia ni "fresh". Neno lisilobagua kati ya vitu viwili unavyotaka kuvitenganisha halikusaidii, hata likipendeza namna gani.

"Raw" tuliliacha haraka. Ni bichi ya nyama na ya chakula ambacho hakijapikwa.

"Green" lilituchukua muda zaidi, kwa sababu lina haki yake. Kiingereza hulitumia kwa kuni mbichi na kwa mahindi mabichi ya kuchoma, na katika biashara ya ndizi na nyanya kuna hata istilahi "mature green", ambayo inabeba kwa ukamilifu wazo la mzee wetu: imekomaa, bado mbichi. Kama kikundi kingekuwa kinauza ndizi, ningependekeza istilahi hiyo bila kusita. Kwa parachichi, hata hivyo, rangi ina kazi nyingine. Hass hugeuka kutoka kijani kuwa zambarau iliyokolea karibu na nyeusi linapoiva, wakati Fuerte, aina nyingine ya parachichi, hubaki kijani hata likishalainika, na wafanyabiashara huyaita aina ya Fuerte na wenzake kwa rangi ya ngozi zao. Mnunuzi aliyeagiza Hass akiona "green" katika barua anaweza kudhani anauziwa aina tofauti. Kikundi hicho kina wanachama wenye miti ya aina zote mbili, kwa hiyo hatari hiyo haikuwa ya kufikirika.

"Ready" lilipendekezwa na mwenyekiti mwenyewe, kutokana na "tayari": matunda yatakuwa tayari mwezi wa tatu. Neno hili linaonekana halina madhara, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa la hatari kuliko yote baada ya "ripe". Katika maduka makubwa ya Uingereza parachichi lililoivishwa kwa makusudi huuzwa kwa maneno yenye "ready" ndani yake, kwa maana ya tayari kuliwa. "Tayari" ya Kiswahili humwacha msomaji aulize tayari kwa nini, na mazingira humjibu. "Ready" ya biashara ya matunda imeshajijibu yenyewe, na jibu lake silo letu.

Nilitaja pia "full-grown" na "physiologically mature". La kwanza linazungumzia ukubwa, na ukubwa hauthibitishi chochote. Mzee alikuwa ameshatuonyesha matunda mawili yaliyolingana ukubwa na kutofautiana kwa ndani. La pili ni sahihi kisayansi, lakini ni zito kwa barua ya wakulima, na msomaji akiliona huenda akadhani wamenakili kutoka mahali fulani bila kulielewa. Sipendi neno ambalo mwenye barua hawezi kulitamka mwenyewe kwa simu mnunuzi akimpigia.

Labda niseme jambo moja kuhusu vitabu vya visawe, kwa kuwa kijana aliniuliza kama visingetupatia neno kwa njia fupi. Daktari wa Kiingereza Peter Mark Roget alichapisha mwaka 1852 kitabu kilichopanga maneno kwa maana zake badala ya alfabeti, ili mtu mwenye wazo aweze kulifikia neno, na vitabu vya namna hiyo ni msaada wa kweli. Vinakuletea jamaa wote wa neno mlangoni kwako. Havikuambii yupi kati yao anaweza kutumwa kazi gani. Katika shughuli hii vilitupatia majina ya kujadili, lakini uamuzi ulitoka mahali pengine, yaani katika maandishi ya watu wanaofanya biashara hiyohiyo kwa Kiingereza kila siku.

Tuliangalia kwanza kiwango cha parachichi cha mwaka 1995 cha Codex, tume ya kimataifa inayoweka viwango vya vyakula. Humo hatua ya kuchuma na hatua ya kuiva vimetenganishwa waziwazi: tunda linatakiwa liwe limefikia kiwango cha ukuaji kitakacholiwezesha kukamilisha kuiva kwake baadaye. Kile ambacho mzee alikisema kwa kisu cha jikoni, kiwango hicho kinakisema kwa lugha ya sheria. Halafu tuliangalia jirani zetu wa Kenya, ambako mamlaka ya mazao ya bustani imekuwa ikisimamisha kwa vipindi usafirishaji wa parachichi kwa meli ili kuzuia matunda machanga yasiharibu jina la nchi sokoni. Katika matangazo hayo ya Kiingereza matunda machanga huitwa "immature", neno lilelile lililotumiwa na mnunuzi wetu. Kijana alipoliona hapo, alielewa mara moja kwamba mnunuzi hakuwa amekataa matunda mabichi. Alikuwa amekataa machanga tu, kama ambavyo mwenyekiti mwenyewe angeyakataa.

Kuanzia hapo "mature" lilikuwa limeshapata nafasi yake. Lilibaki suala la ugumu wa tunda. "Hard" ni kweli, lakini katika Kiingereza cha vyakula mara nyingi ni malalamiko: mkate umekuwa "hard", tunda limebaki "hard" na halitaki kulainika. "Firm" ni ugumu unaosifiwa, ugumu wa kitu kilicho imara na kizima, nalo ndilo linalotumiwa sana kwa matunda yanayosafirishwa. Tukaliweka "firm" mahali pa "bichi". Ni vizuri kuona kilichotokea hapo: neno la Kiswahili linalosema tunda halijaiva tumelifasiri kwa neno la Kiingereza linalosema tunda ni gumu, na hata hivyo maana iliyokusudiwa na katibu imefika nzima. Alipoandika "yakiwa bado mabichi ili yafike salama", kilichokuwa moyoni mwake ni ule ugumu unaolilinda tunda ndani ya kreti.

Mjadala wa mwisho kuhusu sentensi hii ulikuwa juu ya kitenzi. Kijana alikuwa ameandika katika rasimu mpya kwamba matunda "will be ripened after arrival". Nikamuuliza ni nani atakayefanya kazi hiyo. Kiswahili kina kuiva, kuivisha na kuvundika, na hakuna anayevichanganya: tunda huiva lenyewe, mtu huliivisha, na anayevundika ndizi ndiye mwenye dhamana nazo zikiharibika humo alimozifunika. Wanunuzi wakubwa wana vyumba maalumu vya kuivishia kwa ethileni, lakini kikundi hakikujua kama mnunuzi huyu anavyo, wala hakikuwa na sababu ya kumwahidi au kumwamuru lolote kuhusu vyumba vyake. "Will ripen" ndilo lililobaki, kwa kuwa linaeleza tabia ya tunda bila kumgusa mtu.

Sentensi ikawa hivi: "Our fruit will reach harvest maturity from the last week of March. It will be picked mature and firm, and will ripen after arrival." Tuliandika "fruit" badala ya "fruits", kwa sababu mazao ya aina moja kwa wingi Kiingereza huyaita hivyo. Maneno mawili, "harvest maturity", yaliwekwa mahali pa kwanza ili hata msomaji asiyejua mstari wa pili auone ukichorwa mbele yake: kukomaa kwa kuchumwa, kusiko kwa kuliwa.

Katibu aliuliza jambo ambalo kwa kweli mimi ndiye niliyepaswa kuliuliza mapema zaidi: je, mnunuzi ataaminije? Neno "mature" ni dai. Yeyote anaweza kuliandika, hata mwenye matunda machanga. Hapa neno peke yake lilikuwa limefika mwisho wa uwezo wake, na ikabidi liegemezwe kwenye kipimo. Kipimo kinachokubalika kwa parachichi ni kiasi cha kitu kikavu kinachobaki katika nyama ya tunda baada ya maji yote kutoka, ambacho Kiingereza hukiita "dry matter", na kwa kuwa mafuta yanapoongezeka maji hupungua, kiasi hicho kinaeleza ukomavu vizuri kuliko macho. Kiwango cha Codex kinataka asilimia 21 kwa Hass na asilimia 20 kwa Fuerte; rasimu ya mkataba wa mnunuzi ilitaka asilimia 23 kwa Hass. Kazi yenyewe si ngumu. Unakata vipande vyembamba vya nyama ya tunda, unavipima kwenye mizani ndogo, unavikausha taratibu katika maikrowevu hadi uzito usipungue tena, kisha unapima tena. Gramu 50 zikibaki 12, umepata asilimia 24, na mti huo unaweza kuchumwa.

Kwa wakulima wa Rungwe hilo lina umuhimu wa pekee, kwa sababu mashamba yao yako katika miinuko tofauti. Aliye juu kuelekea Mlima Rungwe, kwenye baridi, matunda yake huchelewa kukomaa kuliko ya aliye bondeni, na tarehe moja ya kikundi kizima haiwezi kuwa kweli kwa wote. Sentensi ya tatu ikaongezwa: "Each lot will be tested before picking and will have a dry matter content of at least 23 per cent." Neno "lot" lilichaguliwa kwa sababu ya miinuko hiyo, ili kila fungu la matunda kutoka eneo moja lipimwe peke yake. Wanachama waliisikiliza barua nzima ikisomwa kwa Kiswahili kabla ya kutiwa saini, na mzee mmoja wa huko juu akataka ihakikishwe kwamba hatalazimishwa kuchuma mwezi wa tatu. Alisomewa sentensi ya tatu mara ya pili, akaridhika.

Kulikuwa na kifungu kimoja zaidi, kidogo, ambacho nakitaja kwa kuwa kilikuwa kwenye ukurasa uleule. Katibu alikuwa ameandika kwamba kikundi hakitachanganya matunda ya kuchuma na ya kuokota, yaani yaliyoangushwa na upepo, maana hayo huwa na michubuko isiyoonekana na huanza kuiva kabla ya mengine. Kijana alikuwa amepata neno "windfall" na kulifurahia, na ni neno halisi la Kiingereza kwa tunda la namna hiyo. Lakini siku hizi wengi hulifahamu zaidi kwa maana ya fedha za ghafla ambazo mtu hakuzitarajia, na katika mkataba wa malipo, karibu kabisa na vifungu vya bei, sikutaka mhasibu wa upande wa pili asimame hapo kujiuliza. Tuliandika tu kwamba tunda lolote lililookotwa chini halitafungashwa: "Fruit collected from the ground will not be packed."

Barua ilitumwa na katibu siku hiyohiyo kwa simu yake, akiwa bado barazani. Jibu la mnunuzi halikugusa tena suala la kuiva. Aliomba ajulishwe tarehe ya kipimo cha kwanza kwa mashamba ya bondeni, na akauliza kama matokeo yanaweza kutumwa pamoja na picha ya mizani.